Wairani wa ndani na Wairani wa nje: nani aseme kwa niaba ya nani?

Mwezi wa sita mwaka 2025, ndege za Israeli zilipokuwa zinapiga mabomu Tehran, Wairani wanaoishi Kanada, Ujerumani, Sweden na Marekani walishinda na kukesha na simu mkononi. Wengi hawakumpata mtu. Serikali ya Irani ilikuwa imekata intaneti karibu yote. Wengine walipiga namba ya mama au ya ndugu, simu ikapokelewa, lakini sauti iliyojibu ilikuwa ya mashine, inasema Kiingereza, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mtu anauliza, "Mama, mko wazima?" na mashine inamjibu mambo yake.

Familia iliyokimbia vita haihitaji kuelezewa uchungu huo. Wakongomani wanakumbuka namna intaneti ilikatwa inchi nzima kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kiisha uchaguzi, kwa siku karibu 20. Na Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, familia zilitawanyika, mmoja huku, mwingine kule, na benki zikafunga milango. Kumtafuta ndugu kwa simu isiyojibu ni jambo ambalo watu wa Kivu wanalijua vizuri.

Vita ile ya Irani na Israeli ilidumu siku 12, toka tarehe 13 hadi tarehe 24. Laini zikarudi pole pole. Watu wakasikilizana tena, wakalia, wakashukuru Mungu. Lakini hapo ndipo shida ya zamani ilionekana tena, ile ambayo bomu halikuileta na amani haikuiondoa: Wairani walioko nje na wale walioko ndani ni ndugu wanaopendana sana, lakini katika mambo ya inchi yao mara nyingi hawasikilizani. Wa nje wanasema sana. Wa ndani wanasemewa. Na anayelipa bei ya maneno hayo ni wa ndani.

Wasomaji wa Biblia wanaijua inchi hiyo kwa jina la Uajemi, inchi ya malkia Esta. Watu walianza kutoka kwa wingi wakati wa mapinduzi ya 1979, mfalme Mohammad Reza Pahlavi alipoondoka tarehe 16 mwezi wa kwanza na utawala wa viongozi wa dini ukaingia. Kiisha ikaja vita na Iraki, 1980 mpaka 1988, wakatoka wengine, wengi wao vijana waliokimbia jeshi. Wengine wakatoka kiisha maandamano ya 2009, wengine kiisha yale ya 2022. Leo ni watu milioni kadhaa. Los Angeles peke yake ina Wairani wengi hivi kwamba watu wanaiita kwa mchezo Tehrangeles. Kwa hiyo "watu wa nje" si kundi moja. Aliyetoka 1979 na sanduku la nguo na picha ya mfalme, na msichana aliyetoka 2022 na alama ya risasi mguuni, wanabeba inchi mbili tofauti kichwani. Mmoja anakumbuka Tehran ambayo haipo tena. Mwingine anaikumbuka kama jana.

Kuna kisa kimoja ambacho wote wawili wanapaswa kukifikiri vizuri. Ayatollah Khomeini mwenyewe alikuwa mtu wa nje. Alifukuzwa inchini 1964, akakaa miaka mingi Najaf huko Iraki, na mwishoni Ufaransa. Mahubiri yake yalikuwa yanarekodiwa kwenye kaseti, zinaingizwa Irani kwa siri, zinanakiliwa, zinapita sokoni na misikitini mkono kwa mkono. Tarehe 1 mwezi wa pili 1979 alishuka uwanja wa ndege Tehran na watu wengi sana wakampokea. Neno lililotoka nje lilikuwa limeangusha ufalme.

Lakini kaseti haiulizwi swali. Mtu alisikiliza, alitikisa kichwa, akampa jirani. Hakuna aliyeweza kuinua mkono na kuuliza: "Mzee, ukishika utawala, wanawake watavaa nini? Wale wasiokubaliana nawe watakaa wapi?" Majibu yalikuja baadaye, na wengi waliokuwa wamebeba kaseti hizo wakajikuta gerezani au njiani kukimbia.

Zaidi ya miaka 40 imepita na chombo kimebadilika, lakini tabia ni ile ile. Sheria ya Irani inakataza parabola tangu miaka ya 1990, polisi wanapanda juu ya nyumba kuziondoa, na hata hivi watu wanaziweka tena. Kwa parabola hizo wanapata BBC ya Kiajemi, televisheni iliyoanza 2009, na Iran International iliyoanza 2017 huko London. Kazi ya waandishi hao ni ya lazima, hakuna wa kuibisha. Inchi ambamo magazeti yanafungwa inahitaji dirisha. Nao wanailipia: mwaka 2017 wakubwa wa Irani walifunga mali za wafanyakazi wa BBC ya Kiajemi, na wazazi wao walioko Irani wakaitwa kuhojiwa. Mwaka 2024 mtangazaji wa Iran International alichomwa kisu London mbele ya nyumba yake. Lakini dirisha la televisheni linafunguka upande mmoja. Mama wa Isfahan anaona na kusikia watu wa London. Watu wa London wanamsikia yeye kwa video ya nusu dakika, uso umefichwa.

Kwa nini asiseme wazi? Kwa sababu kuongea na chombo cha nje kunaweza kumfikisha mtu gerezani. Hata kutembelea nyumbani ni hatari kwa aliyepata paspoti ya inchi nyingine, kwani Irani haikubali uraia wa mbili. Nazanin Zaghari-Ratcliffe alikwenda 2016 kuwasalimu wazazi wake wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi, akiwa na mtoto wake mdogo asiyefika hata miaka miwili. Alikamatwa uwanja wa ndege siku ya kurudi. Aliachiwa mwezi wa tatu 2022, miaka karibu sita. Kila mara serikali inaposema kwamba wana wa inchi walioko nje warudi bila woga, watu wanamkumbuka mama huyo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba mkosaji wa kwanza ni utawala. Anayekata intaneti, anayefunga mwandishi, anayemshika mama na mtoto wake uwanja wa ndege, huyo ndiye aliyejenga ukuta. Lakini kuishia hapo ni kujifurahisha. Sehemu nyingine ya ukuta imejengwa na ndugu wenyewe, na sehemu hiyo hawahitaji kungojea serikali ianguke ili waivunje.

Mfano ulio wazi ni mwaka 2022 na 2023. Tarehe 16 mwezi wa tisa 2022, Mahsa Amini, msichana Mkurdi wa miaka 22 ambaye kwao walimwita Jina, alikufa Tehran kiisha kukamatwa na polisi wa mavazi. Inchi ikawaka. Wanawake wakavua vitambaa barabarani, wakipiga kelele "Mwanamke, Maisha, Uhuru". Tarehe 22 mwezi wa kumi, Wairani wa nje walikusanyika Berlin, polisi wakahesabu karibu watu 80.000. Aliyewaita ni Hamed Esmaeilion, daktari wa meno wa Kanada aliyepoteza mke na mtoto wake wa kike kwenye ndege PS752, ambayo jeshi la Irani lilitungua mwaka 2020. Siku ile wengi walisema: sasa wa ndani na wa nje ni kitu kimoja.

Mwezi wa pili 2023, watu wanane wenye majina makubwa, kati yao Esmaeilion, Shirin Ebadi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani 2003, mwandishi Masih Alinejad na Reza Pahlavi, mtoto wa mfalme wa mwisho, walishirikiana katika mkutano wa chuo kikuu cha Georgetown, Washington. Mwezi uliofuata baadhi yao wakatoa mkataba wakauita kwa jina la Mahsa. Mwezi wa ine, ushirika ukavunjika. Pahlavi akatoka, Esmaeilion akatoka, na wafuasi wao wakabaki wanatukanana kwenye simu.

Sasa linganisha. Mwezi ule ule wa pili 2023, ndani ya Irani kwenyewe, mashirika 20 ya wafanyakazi na ya raia, kati yao walimu na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Haft Tappeh, yalitoa karatasi yao ya madai 12. Wafungwa wa siasa waachiwe. Adhabu ya kifo iondolewe. Wanawake wawe na haki sawa. Mishahara iongezwe. Walioandika karatasi hiyo walijua kwamba polisi wanaweza kugonga mlango usiku ule ule. Kamera za dunia zilifuata nani? Zilifuata wale wanane wa Washington. Watu wa nje waligombana miezi kuhusu nani aongoze, na wachache waliuliza walimu na wafanyakazi wa sukari wanataka nini, ingawa walikuwa wamekwisha kuandika.

Hiyo ndiyo dharau inayoumiza. Si dharau ya matusi, ni ya kusahau kuuliza.

Mkongomani anayesoma hapa asicheke. Mwezi wa pili 2020, Fally Ipupa alipokwenda kuimba Bercy, Paris, wapinzani wa Kikongo wa Ulaya wanaojiita "combattants" walijaribu kuzuia, vitu vikachomwa moto karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Kwao, mwanamuziki anayeishi Kinshasa na hapigi kelele juu ya wakubwa ni mshirika wa wakubwa. Lakini hasira yao haikutoka hewani: mtu aliyepoteza ndugu Beni au Masisi ana haki ya kukataa dunia icheze kana kwamba hakuna kilichotokea. Shida ni kwamba aliyeko Paris anapiga kelele na kulala kwake, na aliyeko nyumbani anaulizwa kesho yake: "Huyo wa kwenye video ni ndugu yako?" Sauti za WhatsApp zinazotoka Ulaya na kuzunguka kambi za wakimbizi, zikisema fanyeni hivi, msikubali vile, ni kaseti za leo. Nazo haziulizwi swali.

Wakati wa vita ya 2025 jambo hilo lilionekana Irani kwa ukali zaidi. Reza Pahlavi, akiwa nje, aliwaita raia wainuke, akisema utawala unaanguka. Kati ya Wairani wa nje walikuwako waliofurahia mabomu, wakiamini kwamba yatamaliza kazi ambayo maandamano hayakuweza. Wakati huo wakaaji wa Tehran walikuwa kwenye magari, foleni ndefu kuelekea kaskazini, wanatafuta petroli. Tarehe 23 bomu likapiga gereza la Evin, mahali ambapo utawala unafunga wapinzani wake. Watu waliokuwa wamefungwa kwa sababu ya uhuru ndio waliopigwa kwa jina la uhuru. Mtu aliyekimbia na godoro kichwani anaelewa kwamba saa ya kuita maandamano si saa ambayo watu wanatafuta njia ya kutoka mjini.

Pesa nayo ina lugha yake. Tangu Marekani ilipotoka katika mkataba wa nyuklia mwezi wa tano 2018, vikwazo vimebana, na benki za Irani zimekatwa na benki za dunia. Mtu wa Toronto anayetaka kumtumia mama yake pesa za matibabu hawezi kwenda benki. Anapita kwa "sarrafi", neno lenye undugu na "sarafu": anampa dola mtu huyu huku, na mwenzake huyo kule Tehran anatoa pesa za Kiirani. Dawa kwa sheria hazimo katika vikwazo, lakini benki zinaogopa kulipia, na dawa zinakosekana. Wapo Wairani wa nje wanaoomba vikwazo viongezwe, na wanazo sababu: wakubwa wananunua silaha na kufunga watu. Inawezekana hata baadhi ya walioko ndani wanakubali. Lakini ombi kama hilo linapaswa kuanza na simu kwa dada anayezunguka maduka ya dawa, na si kwa mbunge wa Washington. Na dada akisema hapana, mwenye kuomba amweleze kwa nini ataendelea.

Walioko ndani nao hawakosi sehemu yao. Kuna neno linalosemwa huko kama linavyosemwa kila inchi ambako watu wanakimbia: "Wewe ulitoka, unajua nini?" Ni neno la uchungu, lakini linafunga mlango. Aliyetoka kwa miguu usiku hakutoka kwa raha. Mtengeneza filamu Mohammad Rasoulof, aliyehukumiwa miaka minane ya gereza, alivuka milima 2024. Jafar Panahi yeye, kiisha kupata zawadi kubwa ya Cannes mwezi wa tano 2025, alirudi Tehran. Nani kati yao anapenda inchi zaidi? Swali lenyewe ni baya, na wao wawili hawakulipoteza muda.

Badala yake walifanya kitu cha maana. Katikati ya mabomu ya mwezi wa sita 2025, watu saba waliweka majina yao chini ya andiko moja katika gazeti la Ufaransa Le Monde. Panahi na Narges Mohammadi walikuwa wanaishi Irani; Rasoulof na Shirin Ebadi walikuwa nje. Waliomba vita isimame, Irani iache kusafisha uranium, na wakubwa waachie utawala. Andiko hilo halikusimamisha ndege hata moja. Lakini halikuwa la wa nje kuwasemea wa ndani. Walioweza kufungwa kesho waliliweka jina lao wenyewe, na walioko salama hawakuongeza ukali ambao wenzao wangelipia.

Familia za ndege PS752 zilikuwa zimefanya hivyo mbele yao. Ndege hiyo ilitunguliwa tarehe 8 mwezi wa kwanza 2020 juu ya Tehran, watu 176 wakafa, wengi wakiwa njiani kurudi Kanada kwenye masomo na kazi. Kwa siku tatu serikali ilikana, kiisha ikakubali. Kilio kikawa kimoja pande zote mbili: mke amezikwa Irani, mume yuko Kanada, mtoto alikuwa anasoma ng'ambo, wazazi wako nyumbani. Familia zikaunda shirika na kazi zikagawanyika bila mtu kutangaza. Walioko nje walikwenda mahakamani. Mwaka 2021 mahakama ya Ontario ikasema kutunguliwa kule kulikuwa tendo la ugaidi, na mwaka 2023 Kanada, Ukraine, Sweden na Uingereza wakapeleka kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye. Walioko ndani walitunza makaburi na picha, hata walipotishwa wanyamaze. Hakuna aliyemwambia mwingine kwamba kilio chake ni kidogo.

Hata mazungumzo ya wazi yaliwezekana, kwa muda. Mwanzoni mwa 2021, programu ya sauti peke yake inayoitwa Clubhouse ilijaa Wairani. Ilikuwa kama redio ambayo kila msikilizaji aliweza kuomba neno. Usiku, maelfu ya watu wa Tehran, Tabriz, London na Los Angeles waliingia chumba kimoja kuongea juu ya uchaguzi, dini, ndoa, mkataba na Uchina. Waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Mohammad Javad Zarif, aliingia mwenyewe mwezi wa tatu. Watu waliokuwa wametukanana miaka kwa maandishi walisikia sauti ya mwingine ikitetemeka, na hasira ikapungua. Haikuchukua muda, kampuni za simu zikaanza kuifunga.

Hapo ndipo juhudi inapaswa kuwekwa. Wairani wa nje wana pesa, wana wanasheria, wana uhuru wa kusema. Wawanunulie walioko ndani njia za kupita vizuizi vya intaneti, walipie mawakili wa wafungwa, watafsiri karatasi za walimu na wafanyakazi wa sukari bila kuongeza neno. Televisheni za London zingeweza kutoa saa moja kila juma ambamo sauti za simu kutoka Irani zinauliza na wanasiasa wa nje wanajibu, wasiruhusiwe kuhutubu. Na kabla ya kuita watu barabarani, aliye salama amuulize aliye hatarini kama siku hiyo inafaa.

Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2023, huko Oslo, Tuzo ya Nobel ya Amani ilitolewa kwa Narges Mohammadi. Yeye alikuwa gerezani Evin. Waliosimama kupokea ni mapacha wake Kiana na Ali, wa miaka 17, wanaoishi Paris, ambao hawakuwa wamemwona mama yao kwa miaka mingi. Jukwaani kiti kimoja kiliachwa wazi. Watoto hao wangeweza kusema yao wenyewe, na dunia ingewasikiliza. Walifungua karatasi iliyotolewa gerezani kwa siri, wakasoma maneno ya mama yao.